Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini, katika kazi yetu ya kupinga ubaguzi wa rangi, kamati tendaji iliunganisha kamati ya ajira na kamati ya afya. Wengine mmeuliza kwa hasira, na mna haki, maana kila kamati ilikuwa na watu walioijenga kwa jasho lao. Taarifa hii naielekeza huko, kwa kuwa ndiko mwaka wetu ulikokwenda. Mambo ya kawaida nitayagusa mwishoni.

Hapa Marekani, zaidi ya nusu ya watu wasiofikia miaka 65 wanapata bima ya afya kupitia ajira, iwe yao wenyewe au ya mtu wa familia. Mfumo huu ulikua wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1942 serikali ilipozuia mishahara isipande, waajiri waligombania wafanyakazi kwa kuwaahidi bima, na baadaye sheria za kodi zikaupa mtindo huo mizizi. Kwa hiyo mtu anayenyimwa kazi kwa sababu ya rangi yake mara nyingi amenyimwa pia daktari papo hapo, yeye na watoto wake. Kamati zetu mbili zilikuwa zikimhudumia mtu yuleyule. Huku analalamikia zamu, kule anauliza atalipaje deni la hospitali, na mafaili yake mawili hayajawahi kukutana.

Lililotushika zaidi mwaka huu ni suala la saa za kazi. Sheria ya bima ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda kamili awape bima wale wanaofanya kazi wastani wa saa 30 au zaidi kwa wiki, la sivyo anaweza kutozwa faini. Anayepangiwa saa 28 yuko nje. Sasa, wanachama wetu wengi ni wauguzi wasaidizi na watunzaji wa wazee. Waliotuletea ratiba zao walituonyesha jambo lilelile: saa zinaishia chini kidogo ya 30, wiki baada ya wiki, huku wenzao Weupe walioajiriwa baada yao wakipewa muda kamili. Mtu anakesha akimgeuza mgonjwa kitandani, anamwosha, anamlisha, na mgongo wake mwenyewe ukiuma hana pa kwenda. Hii ni dhuluma, na chama hiki hakitaizoea.

Hapo nyuma mfanyakazi wa namna hii alikuwa akiambiwa kwamba kupangiwa zamu mbaya si hasara kubwa ya kupeleka mahakamani. Mwezi Aprili 2024 hali ilibadilika. Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Jatonya Muldrow, askari polisi wa St. Louis aliyehamishwa kitengo ingawa mshahara wake haukupunguzwa. Mahakama za chini zilimtaka athibitishe kwamba ameumia sana. Majaji wote tisa waliutengua uamuzi huo, na mahakama ikasema inatosha kuonyesha kwamba uhamisho umemletea hasara fulani katika masharti ya kazi. Kesi yake ilihusu jinsia. Lakini sheria aliyoitumia ni ileile ya haki za raia ya mwaka 1964, iliyotimiza miaka 60 Julai mwaka huu, na inakataza ubaguzi wa rangi katika kifungu hichohicho. Washauri wetu wa sheria wanaamini uamuzi huu unawafungulia njia hata wanaobaguliwa katika ugawaji wa zamu, nami nakubaliana nao.

Ila njia hiyo ina muda wake. Malalamiko yanatakiwa kufika Tume ya Fursa Sawa za Ajira ndani ya siku 180 tangu tukio, au siku 300 pale ambapo jimbo au mji una chombo chake cha kupambana na ubaguzi. Wapo waliokuja kwetu na ushahidi mzuri kabisa, na muda umeshapita. Tafadhali msisubiri mkutano wa chama. Tunzeni ratiba, hati za malipo na ujumbe wa simu kutoka kwa wasimamizi, mtupigie mapema.

Vijana wanaotafuta kazi huuliza kama majina yao yanawaponza. Ndiyo, yanawaponza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulituma wasifu wa kazi karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago, wasifu wenye sifa zinazolingana, tofauti ikiwa jina tu. Wenye majina yanayosikika kuwa ya Weupe waliitwa kwenye usaili kwa asilimia 50 zaidi. Baadaye watafiti wengine wakatuma maombi yapatayo 83,000 kwa makampuni makubwa zaidi ya 100, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2022 ndiyo yanayotupa mwelekeo wa kazi: moja ya tano ya makampuni hayo ilibeba karibu nusu ya ubaguzi wote uliopimwa. Maana yake ni kwamba hatuna sababu ya kutawanya nguvu zetu kila mahali. Tunatakiwa kujua malalamiko yanarundikana wapi, na hilo halijulikani bila faili moja la pamoja.

Mtu akishapata kazi na bima, je, amepona? Hapana. Mwaka 2022 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, walikufa akina mama Weusi 49.5 na Weupe 19.0 kwa sababu za uzazi. Bima pekee haielezi pengo la namna hiyo. Ubaguzi uliingia mpaka kwenye vipimo. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi kilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu kuliko kwa Weupe. Na kwa miaka mingi kanuni ya kukadiria kazi ya figo iliwaongezea Weusi alama kwa rangi yao tu, figo zikaonekana nzima kuliko zilivyo, mgonjwa akachelewa kuingizwa kwenye foleni ya kupandikizwa figo.

Mwaka 2021 wataalamu wa figo walipendekeza kanuni hiyo iachwe, na tangu Januari 2023 vituo vya upandikizaji vilitakiwa kupitia orodha zao na kuwarudishia wagonjwa Weusi muda waliopotezewa. Maelfu wamesogezwa mbele. Kama wewe au ndugu yako yuko kwenye foleni hiyo na hajapata barua, kiulizeni kituo chenu. Nasisitiza pia suala la mkalimani: hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumpatia mkalimani bila malipo mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri. Mtoto wa shule asikalishwe kumtafsiria mama yake habari za saratani.

Hesabu zimekaguliwa, na ripoti ya mweka hazina mmeshatumiwa. Ada zimetosheleza kazi za kawaida, ila mfuko wa ushauri wa sheria umepungua, na nawaomba kibali cha kuuongezea. Katibu wetu anamaliza muda wake. Kwa miaka yote alipokea simu za usiku za wanachama waliofukuzwa kazi, na namshukuru mbele yenu.

Hoja mtakayoipigia kura ni hii: kamati mpya iruhusiwe kutunza daftari la siri la ratiba na saa za wanachama, likilinganisha sehemu moja ya kazi na nyingine. Najua hofu iliyopo. Sheria ya 1964 inamkataza mwajiri kumlipizia kisasi aliyelalamikia ubaguzi, na sheria ya mahusiano kazini ya mwaka 1935 inawalinda wafanyakazi wengi wa sekta binafsi wanaozungumzia malipo na masharti yao. Hata hivyo hakuna jina litakaloingia humo bila saini ya mwenyewe. Karatasi za kura ziko kwa katibu.