Kabla hujaupeleka mchanganuo benki

Dar es Salaam

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa wanangu. Sisi huku hatujambo. Mchanganuo wako wa kinu cha kukamua alizeti nimeusoma wote, na ukurasa wa mashudu nimeurudia kwa furaha. Pale unapoeleza nani huyanunua, msimu gani na huyasafirishaje, mtu anaona kabisa kwamba biashara hii unaijua. Pale usiguse neno.

Ninachokuandikia ni ile sura ya soko, uliyoniambia umesaidiwa na akili mnemba. Nakuomba sana usiipeleke benki kama ilivyo.

Nimezifuatilia tanbihi zako moja moja. Ya tatu inataja taarifa ya wizara, ina jina refu, mwaka, mpaka namba ya ukurasa. Nimeitafuta kila mahali ambapo taarifa kama hiyo ingewekwa, na kote haipo. Ya tano ni ngumu zaidi kuigundua. Umeandika kwamba Sensa ya 2022 ilihesabu watu 44,928,923 nchini. Tarakimu hiyo ni ya kweli kabisa, ila ni ya Sensa ya 2012. Ya 2022 ni 61,741,120. Mafuta ya kula yanaingia kila nyumba, kwa hiyo ukipunguza walaji karibu milioni 17, hesabu zote za mahitaji zinazofuata zinaharibika. Na afisa mikopo akiliona hilo, atakuwa na haki ya kutilia shaka hata ukurasa wa mashudu. Hicho ndicho kinachoniuma.

Programu ile haikukusudia kukudanganya. Imejifunza kutokana na maandishi mengi mno jinsi maneno yanavyofuatana, na ukiiomba chanzo inajua vizuri chanzo huandikwaje: mwandishi, kichwa, mwaka, ukurasa. Basi inajaza nafasi hizo hata pasipokuwa na kitabu wala taarifa nyuma yake. Hata zile zinazopekua intaneti na kukuwekea kiungo, lazima ukifungue mwenyewe, maana kiungo kinaweza kuwa kizima na ukurasa ukafunguka, lakini ile sentensi uliyoambiwa imo usiione.

Waliokutana na haya ni wengi, tena wasomi. Mwaka 2023 huko New York, mawakili wa mtu aliyelishtaki shirika la ndege la Avianca walipeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. Mmoja wao alikuwa amezipata kwa ChatGPT, tena aliiuliza kama kesi hizo ni za kweli, ikamjibu kwamba ndiyo. Jaji Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Mwaka 2025 kampuni ya Deloitte ilikubali kuirudishia serikali ya Australia sehemu ya malipo ya kazi yenye thamani ya takriban dola 440,000 za huko, baada ya mhadhiri mmoja kugundua kwamba taarifa yao ilikuwa na rejea za maandiko yasiyokuwapo na hata nukuu ya hukumu ambayo haikutamkwa na jaji. Hakuna aliyeishitaki programu, dada. Aliyetia saini ndiye aliyeulizwa, na huo mchanganuo una saini yako.

Sikwambii uiache. Mimi naitumia kazini kila siku, ila naigeuza. Badala ya kuiomba chanzo, naipa andiko langu nikiiambia: nionyeshe kila tarakimu na kila dai ambalo msomaji anaweza kuuliza limetoka wapi. Kazi hiyo inaifanya vizuri kuliko macho yangu yaliyochoka. Kisha vyanzo natafuta mwenyewe: idadi ya watu kwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, viwango vya riba na mfumuko wa bei kwa Benki Kuu, kodi kwa Mamlaka ya Mapato, TRA. Nikishapata taarifa yenyewe, naipakia na kuitaka initolee sentensi nzima neno kwa neno pamoja na namba ya ukurasa, halafu nafungua ukurasa huo nione kwa macho yangu. Na kwenye kodi uandike mwaka wa fedha kila mara, kwa sababu Sheria ya Fedha huleta mabadiliko kila 1 Julai, na programu inaweza kukupa kiwango kilichokwisha kubadilishwa bila kukuambia.

Ila usiipakie orodha ya wakulima wanaokuuzia mbegu, yenye majina na namba zao za simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwapo, watu wale hawakukupa namba zao ili zisambae.

Sasa lile ninalotaka ulifanye kuliko yote. Bei ya gunia la alizeti umeiandika kutokana na jibu la programu, wakati wewe una daftari! Kila msimu unaandika umenunua kwa nani, gunia ngapi, kwa bei gani, na kila gunia limetoa lita ngapi. Hicho ni chanzo. Andika tu: "Kumbukumbu za manunuzi za mwombaji," utaje msimu, kisha uambatanishe nakala za kurasa zenyewe, majina ukiyafunika. Hali kadhalika wale wenye maduka uliozungumza nao kuhusu mafuta ya dumu: taja soko, mwezi, na umezungumza na wangapi. Benki haiwezi kuyapata hayo kwingine kokote, na hakuna programu iliyowahi kukaa na wewe pale mizani ikipima.

Tanbihi ya tatu ifute pamoja na aya yake, kwa kuwa bila ile taarifa aya haina pa kusimama. Ya tano sahihisha, kisha upige upya jedwali la mahitaji lote. Hizo nyingine nimeziwekea alama pembeni, na zilizo sawa nimeandika ukurasa nilikoziona. Ukimaliza nitumie kabla ya kuchapa. Nitaupitia usiku huohuo. Shemeji mwambie asiende kuchukua fomu za dhamana kwanza.

Akupendaye,
Rafiki yako