Programu za ziwani zipimwe kwa Mwanza na Bukoba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuzungumze na vijana wa Mwanza, Musoma na Bukoba wanaoandika programu za kuonyesha boti, vivuko na sakafu ya ziwa kwenye skrini, pamoja na wale wanaowapa kazi hizo. Wengi wao wanatumia maktaba (mikusanyo ya msimbo uliokwisha kuandikwa) za hesabu za vekta zenye pande tatu, yaani namba tatu zinazotaja mahali au mwelekeo: NumPy kwa wanaoandika Python, three.js kwa wanaochora kwenye kivinjari, GLM au Eigen kwa wanaoandika C++. Ni maktaba nzuri, zinapatikana bure, na hesabu zake zimepimwa na watu wengi. Kinachoharibu kazi kiko nje ya maktaba. Mtu anaipa namba tatu bila kuamua kwanza zinapimwa kutoka wapi, kwa kipimo gani, na kila mhimili unaelekea upande gani. Maktaba haiulizi. Inajumlisha, inazidisha na kurudisha jibu, hata kama jibu hilo limeipeleka boti ya Kirumba katikati ya Pasifiki.

Hapo hatujatia chumvi. Chukua Mwanza: latitudo −2.52, longitudo 32.90. Tukiichukulia Dunia kuwa tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, vekta ya Mwanza kutoka kitovu cha Dunia hupatikana hivi: x ni 6,371 mara kosaini ya latitudo mara kosaini ya longitudo, y ni 6,371 mara kosaini ya latitudo mara saini ya longitudo, z ni 6,371 mara saini ya latitudo. Majibu ni karibu 5,344, 3,457 na −280, yote kwa kilomita. Sasa, saini na kosaini za Python, JavaScript na C++ zinataka pembe iliyopimwa kwa radiani, si kwa nyuzi. Ukizipa nyuzi kama zilivyotoka kwenye GPS, hesabu inakwenda bila malalamiko na kukupa latitudo −35.6, longitudo −95: majini, magharibi ya mbali ya Chile. Ukibadilisha nafasi za latitudo na longitudo, boti inatokea nchi kavu mashariki mwa Morocco. Kosa hilo ni jepesi kufanyika kwa sababu mafaili ya GeoJSON, yanayohifadhi data za ramani, hutanguliza longitudo, na sisi tumezoea kutaja latitudo kwanza. Ukisahau alama ya kutoa, ambayo ndiyo inayosema tuko kusini mwa ikweta, utaikuta boti kaskazini kidogo ya Lira, Uganda. Anayejua sehemu hizo tatu anaweza kuutambua ugonjwa kwa kutazama tu mgonjwa alikoangukia.

Aliyemaliza kidato cha nne kwa mtaala waliosoma wengi wetu ameshakutana na Dunia kama tufe, na ameshakutana na vekta. Tatizo ni kwamba mada hizo mbili alizisoma kila moja na chumba chake.

Zinapokutana, mambo ya ajabu hutokea. Kutoka Mwanza hadi Bukoba, tukiweka Bukoba kwenye −1.33 na 31.81, ni karibu kilomita 179 juu ya uso wa Dunia. Mwandishi wa programu anataka kuonyesha meli ikisogea kati ya miji hiyo, anatumia tendo la “lerp”, ambalo huchukua vekta mbili na kutoa ya katikati kwa uwiano unaotaka. Hesabu ni sahihi kabisa, ila mstari ulionyooka kati ya sehemu mbili za tufe hupita ndani ya tufe. Katikati ya safari meli hiyo itakuwa karibu mita 630 chini ya uso wa maji, katika ziwa ambalo kina chake kikubwa ni mita 80 na ushee tu. Kwenye skrini meli inaondoka Mwanza, inazama taratibu chini ya sakafu ya ziwa, kisha inaibuka Bukoba. Tumeona watu wakitafuta hitilafu kwenye picha ya meli, kwenye kamera, kwenye kadi ya michoro, na hitilafu haipo huko. Dawa ni mistari miwili: baada ya “lerp”, ifanye vekta iwe na urefu wa 1 kwa “normalize”, kisha izidishe kwa 6,371. Kwa masafa ya ziwa letu hiyo inatosha. Kwa masafa ya mabara, tumia “slerp”, inayogawa pembe yenyewe badala ya kugawa mstari.

Umbali nao una mtego wake. Njia inayofundishwa sana ni kuchukua vekta mbili zenye urefu wa 1, kuzipitisha kwenye “dot” (huzidisha namba zao moja moja na kujumlisha, jibu likawa kosaini ya pembe iliyo kati yao), kutafuta pembe yenyewe kwa “acos”, kisha kuzidisha pembe kwa nusu kipenyo cha Dunia. Kwa Mwanza na Bukoba jibu ni zuri. Kwa boti mbili zilizo karibu, na kwa namba za biti 32, zinazotunza tarakimu kama saba tu, ambazo GLM huzitumia kwenye “vec3” usipoagiza vingine, jibu linaharibika vibaya. Sababu ni kwamba kosaini ya pembe ndogo ni karibu sana na 1, na namba ya biti 32 inayofuata chini ya 1 ni pungufu kwa 0.00000006 hivi. Pembe ya kosaini hiyo, ikigeuzwa kuwa umbali juu ya Dunia, ni kilomita 2.2. Hakuna jibu lolote kati ya sifuri na kilomita 2.2, hatua inayofuata ni 3.1. Maana yake ncha mbili za daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, zinaweza kusomwa kama ziko kilomita 2.2 au 3.8 kutegemea namba zilivyokatwa njiani. Mbaya zaidi, ukataji huo unaweza kuisukuma “dot” ikazidi 1 kidogo, na “acos” ya namba inayozidi 1 ni NaN, yaani “si namba”. NaN ikiingia kwenye jumla, jumla yote ni NaN, na boti zote zinapotea kwenye skrini kwa kosa la boti moja.

Kwa hiyo usitumie “acos” kwa pembe ndogo. Chukua urefu wa “cross” ya vekta mbili hizo (vekta ya tatu iliyo wima kwa zote mbili) na “dot” yake, uzipe “atan2”, inayotoa pembe kutokana na namba mbili, kwa mpangilio huo. Inatoa pembe sahihi ziwe boti zinagusana au ziko pande mbili za Dunia. Na hesabu za mahali zifanyike kwa biti 64: “dvec3” kwenye GLM, “Vector3d” kwenye Eigen. NumPy hutumia biti 64 kwa namba za desimali bila kuombwa.

Wa three.js wasidhani wamesalimika. Ni kweli vekta zao hubeba namba za biti 64, lakini pointi zikiingizwa kwenye umbo la kuchorwa zinageuzwa kuwa biti 32 kwa ajili ya kadi ya michoro. Ukiwa umepima kwa mita kutoka kitovu cha Dunia, x ya Mwanza ni milioni 5.3, na kwa ukubwa huo namba za biti 32 huruka kwa hatua za nusu mita. Mtumbwi wa dagaa unaonekana ukitetemeka hata ziwa likiwa shwari, na mwambao unakatika vipandevipande kamera ikisogea karibu.

Tiba ya hilo, na tungependa kila anayechora ziwa aijue kwa moyo, ni kuhamisha kitovu. Chagua pointi moja hapa hapa, tuseme gati la Kamanga, uiite p, ikiwa vekta kutoka kitovu cha Dunia. Mwelekeo wa juu ni p ikifanywa kuwa na urefu wa 1. Mashariki ni “cross” ya vekta (0, 0, 1) na juu, kwa mpangilio huo, kisha “normalize”. Ukigeuza mpangilio unapata magharibi, na ramani nzima inageuka. Kaskazini ni “cross” ya juu na mashariki. Baada ya hapo, kwa boti yoyote iliyo q, toa p kutoka q kwa biti 64, kisha ipitishe tofauti hiyo kwenye “dot” na kila mmoja wa mielekeo mitatu. Namba tatu zinazotoka ni mita za mashariki, za kaskazini na za juu kutoka gatini. Ni namba ndogo, na biti 32 zinazibeba bila shida.

Ukilijaribu hilo kwa kuweka kitovu kwenye Mwanza tuliyoitaja mwanzo, Bukoba itatoka karibu −121 kwa mashariki, 132 kwa kaskazini, na −2.5 kwa juu, kwa kilomita. Hiyo −2.5 huwatisha watu. Ni sahihi: Dunia inainama, na ubao ulionyooka uliolazwa Mwanza utapita kilomita 2.5 juu ya Bukoba. Kwa kilomita 20 mwinamo ni mita 31, na kwa wanaochora sakafu ya ziwa hilo si jambo la kupuuza, maana kina cha sehemu nyingi za ziwa hili kiko kwenye makumi hayo hayo ya mita. Anayechora ghuba ya Mwanza peke yake anaweza kutumia ubao huo akijua kosa lake. Anayechora ziwa zima anahitaji vitovu kadhaa, au arudi kwenye tufe.

Kisha kuna suala la mhimili upi uko juu. Katika hesabu tulizotoa, juu ni namba ya tatu. Kwenye three.js juu ni y. Blender, programu ya kuunda maumbo ya pande tatu, inaweka z juu. Kuhamia three.js, x iwe mashariki, y iwe juu, na z iwe kaskazini ikiwa na alama ya kutoa. Alama hiyo ikisahaulika ziwa linatoka kama kwenye kioo, Ukerewe inakaa kusini mwa Mwanza, na pembetatu zote zinazounda umbo la ziwa zinageuza mgongo: sakafu ya ziwa haionekani kutoka juu, inaonekana ukiitazama kutoka chini tu. Wapo wanaoitibu dalili kwa kuagiza pande zote mbili za pembetatu zichorwe. Picha inarudi, lakini ramani bado imepinduka.

Jingine la three.js: “a.add(b)” haitoi vekta mpya, inaibadilisha a yenyewe. Vivyo hivyo “sub”, “normalize”, “lerp” na “cross”. Anayetafuta mwendo wa boti kwa kuandika “sasa.sub(zamani)” amekwisha kuifuta nafasi ya sasa, na boti itarukia karibu na kitovu. Aandike “clone” kabla ya “sub”, au atumie “subVectors” kwenye vekta ya tatu. Watunzi walikuwa na sababu: picha ikichorwa mara 60 kwa sekunde, kuunda vekta mpya kwa kila boti kila mara kunaijaza kumbukumbu takataka na simu inaanza kukwama. Kwa hiyo unda vekta za kazi mara moja, nje ya mzunguko, uzitumie tena.

Kwenye NumPy, nyota kati ya vekta mbili huzidisha namba kwa namba. Si “dot” wala si “cross”. Na “np.linalg.norm” ikipewa jedwali la pointi elfu moja bila “axis=1” itarudisha namba moja badala ya elfu. Boti iliyotia nanga ina mwendo sifuri, na kuugawa mwendo huo kwa urefu wake kunaleta NaN ile ile. Pima urefu kwanza. Kwenye three.js “normalize” ya vekta sifuri hurudisha sifuri, ndiyo maana msimbo uliofanya kazi huko huanguka ukihamishiwa GLM.

Ombi letu kwa walimu wa programu wa vyuo vya Mwanza ni kwamba mazoezi ya vekta yatoke ziwani, na kila vekta kwenye msimbo itajwe jina linaloonyesha kitovu na kipimo chake: “boti_gatini_mita” ni jina refu, lakini hakuna atakayeijumlisha na “boti_dunia_km” bila kushtuka. Kwa wanaotoa kazi za kufuatilia vivuko na boti za uvuvi, ombi ni kwamba mkataba udai majaribio manne kabla ya malipo: vekta ya Mwanza, umbali wa Mwanza na Bukoba, namba tatu za Bukoba ikionwa kutoka Mwanza, na meli ya katikati ya njia ikae juu ya maji. Mwokoaji anayetumwa mahali palipokosewa kwa kilomita 2 usiku, upepo ukiwa umechachamaa, hana namna ya kujua kwamba kosa ni la “acos”.

Na majaribio hayo yenyewe yaandikwe kwa uangalifu. Watu wa NumPy hulinganisha majibu kwa “np.allclose”, ambayo, usipoipangia kiwango, huruhusu tofauti ya sehemu 1 kwa 100,000 ya namba inayolinganishwa. Kwa x ya Mwanza ikiwa kwa mita, hiyo ni ruhusa ya mita 53. Weka “rtol=0” na “atol” ya mita unazokubali kukosea, kabla hujasema jaribio limepita.

Watengenezaji wa programu za ramani,
Nyegezi, Mwanza