Tupeni ratiba kabla hatujalipa ada

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa vyuo kuhusu jambo ambalo huenda kwao ni dogo: ratiba.

Nina miaka 43. Mwaka jana nilirudi darasani baada ya miaka 19, huku nikiendelea na ajira ya kutwa. Kabla sijajiandikisha, karibu kila niliyemshirikisha alinitisha kwa umri. Kichwa kimeshakuwa kizito, walisema, vijana watakuacha. Sivyo nilivyoyakuta. Ni kweli nasoma polepole kuliko wao, lakini mhadhiri anapofundisha mikataba au utunzaji wa bohari, mimi nimeshashuhudia mkataba ukivunjwa na mzigo ukipotea. Nadharia inapata pa kushika.

Kinachotuangusha sisi wa jioni ni kingine. Muhula uliopita, jaribio tulilopangiwa Alhamisi usiku lilihamishiwa Jumanne saa nne asubuhi. Tangazo lilibandikwa ubaoni Jumatatu alasiri. Wanaoishi chuoni waliliona. Mimi nililipata saa tatu usiku kwa ujumbe wa kijana mmoja wa kikundi chetu, Mungu ambariki, nikaanza kuhangaika kutafuta wa kunishikia zamu. Nilimpata. Mama mmoja niliyezoea kukaa naye hakupata mtu. Akaenda kazini, akapewa sifuri. Rufaa yake nayo ilikwama, maana fomu ilitakiwa isainiwe katika ofisi inayofungwa saa kumi, na yeye hutoka kazini saa kumi na moja. Muhula huu hajarudi. Katika hesabu hakuna aliyemfikia darasani kwetu, na bado inaniuma.

Wanaopanga ratiba wakae wapige hesabu ya saa zetu. Kwa mfumo wa krediti unaotumika Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mzima wa masomo una krediti 60. Anayebeba nusu ya mzigo huo anahitaji saa 750 hadi 900 kwa mwaka. Zigawanye kwa majuma 40, utapata kama saa 20 kila juma, juu ya saa 40 na zaidi za kazi. Tunazipata alfajiri, ndani ya basi, na usiku watoto wakishalala. Kila moja imeombewa ruhusa kwa mtu fulani, nyumbani au kazini. Hatuna saa ya akiba ya kuhamishia jaribio.

Wala sisi si wageni katika elimu ya juu. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kimewatahini watu waliosomea kwingine, wengi wao wakiwa na kazi zao. Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 140 kuhusu likizo ya masomo yenye malipo. Lakini likizo huombwa kwa tarehe. Hata mwajiri mwenye moyo mzuri, kama wangu alivyo, hawezi kumpa mtu ruhusa ya siku isiyojulikana.

Kwa hiyo naomba ratiba ya muhula mzima, pamoja na tarehe za majaribio na mitihani, itolewe kabla ya kulipa ada. Ikilazimu kubadilika, tuarifiwe siku 14 kabla, kwa ujumbe wa simu, si kwa karatasi ya ubaoni. Na ofisi ya msajili ifunguliwe jioni, japo siku moja kwa juma. Chuo kinachopokea ada za wanafunzi wa jioni kiwe na mtu wa kuwasikiliza jioni.

Jana msimamizi wangu ameniuliza tena tarehe za mitihani ya muhula huu, apange zamu. Ada nimeshalipa. Tarehe sina.

Mwanafunzi wa jioni