Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kibanja cha Babu Yako

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma ulichoandika kwenye kundi la ukoo: kwamba haki sawa imewapa wanawake kiburi, kwamba mtoto wa kiume amesahauliwa, na kwamba shangazi yako hana lake katika kibanja cha babu yako, shamba lile la migomba. Hayo mawili ya kwanza najua unayasikia kila siku kwenye simu, kutoka kwa watu ambao hasira zenu ndizo mtaji wao. Kijana aliyemaliza chuo akakosa kazi ana haki ya kukasirika, ila sioni ni ajira gani uliyonyang'anywa na shangazi yako.

Kuhusu kibanja, hukuanza wewe. Mwaka 1988, wilayani Muleba, mwanamke mmoja aliyerithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akiwa amezeeka na hana wa kumtunza, aliliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake tu mpwa wake alikuwa mahakamani, akidai kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. (Mbio hizo zilikuwa wapi mama yule alipokosa wa kumtunza?) Kesi hiyo ya Ephrahim dhidi ya Pastory ilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba katazo hilo ni ubaguzi unaokiuka Katiba. Hata hivyo wazee wetu bado wanazishikilia kanuni za mirathi zilizoandikwa mwaka 1963, zinazowaweka mabinti wote daraja la tatu, nyuma ya kila mtoto wa kiume.

Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kwenye migomba yetu, mimi nilikuwa Mwanza na wewe ulikuwa shuleni. Shangazi yako ndiye aliyekata maua dume kwa kijiti chenye panda, akachoma panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine, akang'oa na kuzika yaliyougua. Ikiwa uanaume ni kulinda mali ya ukoo, basi katika nyumba yetu aliyeufanya ni yeye.

Kikao ni baada ya Krismasi. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, nami nitaomba upande wa chini, anaoulima mwenyewe, uandikiwe hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa jina lake. Kuuza au kutouza itakuwa hiari yake. Ningependa utie sahihi kama shahidi. Njoo mapema, maana baba zako wadogo watakuwa na maneno mengi.

Baba yako