Binti yetu na Kifaransa

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Binti wa mwenzetu yuko Kidato cha Tano, mchepuo wenye Kifaransa, na somo limemwelemea. Yeye na mama yake wameniruhusu niwaambie bila kumtaja. Nimeliangalia daftari lake. Msamiati anao, insha anajitahidi, lakini kila mahali ameandika «j'ai allé» badala ya «je suis allée», yaani «nilikwenda». Hilo ni jambo la madarasa ya chini, alilivuka bila kulishika, na sasa mwalimu yuko kwenye subjonctif, ile hali ya kitenzi ya kueleza matakwa na mashaka. Tukimwongezea tuisheni ya mada mpya tutakuwa tunamtwisha mzigo juu ya mzigo. Naomba tusifanye hivyo.

Arudi nyuma kwanza. Vile vitenzi vinavyochukua être («kuwa») badala ya avoir («kuwa na») katika wakati uliopita, avitungie sentensi za maisha yake mwenyewe, azisome kwa sauti. Pia RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari kwa Kifaransa chepesi, dakika 10 tu, na maandishi yake yapo mtandaoni. Asikilize kwanza, ndipo asome.

Kubwa zaidi, anahitaji mtu wa kupiga naye soga kwa Kifaransa bila kumsahihisha kila neno, maana aibu ndiyo inayomfunga mdomo darasani. Humu wapo waliosoma Bujumbura na Lubumbashi. Nani atampa saa moja Jumamosi asubuhi? Niandikieni pembeni.

Na tafadhali, tusimsimange kwamba angechukua mchepuo mwingine. Kifaransa alikichagua mwenyewe, na bado anakitaka.