Kipima mwanga cha kamera ya mjomba

Shangani, Mtwara
12 Agosti

Swahiba wangu,

Salaam nyingi kutoka huku pwani. Barua yako imenifikia kwa mkono wa kondakta wa basi la Newala, na zile picha za kamera nimezitazama mpaka nikazikariri. Hongera sana. Zorki-4, kamera ya mkanda ya Kisovieti, si kamera ya kulala kabatini, na mjomba wako amefanya jambo la maana kukukabidhi wewe. Kama mapazia ya shata (mlango unaofunguka kupitisha mwanga ndani ya kamera) hayajatoboka, kama unavyosema, itakufaa miaka mingi. Ila shika hili kabla ya lolote: vuta mkanda kwanza, ndipo ubadilishe kasi ya shata. Ukigeuza kasi kabla ya kuvuta, unaweza kuharibu mtambo wake wa ndani, na fundi wa kuutengeneza huku kusini hutampata.

Sasa swali lako la kipima mwanga, ununue kipi. Tafuta kidogo chenye kuba jeupe, kile kinachopima mwanga unaomwangukia mtu, na kiwe kinatumia betri inayopatikana hapo hapo Newala. Ukipata hayo mawili, mengine ni nyongeza. Najua roho yako inavutwa na vile vidogo vya kupachika juu ya kamera, mahali pa flashi, maana vinapendeza na vinakaa kama vimezaliwa nayo. Naomba unisikilize kwanza.

Vile vya kupachika karibu vyote husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Havijui vinatazama mchanga au mkaa. Vimeundwa vichukulie kwamba kilichoko mbele yake ni kijivu cha wastani, basi. Chukua mfano wa Msimbati saa sita mchana, umeweka mkanda wa ASA 200 (namba ya wepesi wa mkanda kunasa mwanga). Jua la namna ile linataka f/16, yaani uwazi wa lenzi, kwa 1/250 ya sekunde, yaani kasi ya shata. Elekeza kipima cha aina hiyo kwenye mchanga mweupe, na kinaweza kukuambia 1/1000, kwa sababu kinataka kuugeuza mchanga uwe wa kijivu. Ukikitii, umekosa hatua mbili nzima, na kila hatua ni kupunguza mwanga kwa nusu. Mchanga utatoka umefifia, na binti aliyesimama juu yake na kanga yake hutamwona sura. Ukisafisha mkanda, utakuta pale penye uso negativu iko wazi tu kama kioo, hakuna cha kuchapa. Sisi watu weusi tunaopigana picha kwenye mchanga mweupe na kuta za chokaa, hilo si jambo dogo. Picha ngapi za harusi za pwani zina gauni zuri na bibi harusi asiye na macho!

Chenye kuba hufanya kazi kwa njia nyingine. Unakishika mbele ya uso wa mtu, kuba likiitazama kamera, unapima mwanga ule ule unaomfikia. Weupe wa mchanga ulioko nyuma yake haukihusu, wala weusi wa kitu alichoshika.

Mfikirie mchongaji wa mpingo aliyekaa chini ya banda la makuti, jambo ambalo najua ndilo unalotaka kulipiga. Nyuma yake uwanja unawaka jua, mikononi ana gogo jeusi tii. Kipima cha juu ya kamera kikiona uwanja zaidi, kitakuambia ufunge lenzi. Kikiona mpingo zaidi, kitakuambia ufungue mno. Ukisogea hatua moja kushoto jibu linabadilika, na hali mwanga uliomo bandani ni ule ule. Kuba likiwekwa karibu na mikono yake linatoa jibu moja, tuseme f/4 kwa 1/60 kwa mkanda wa ASA 400. Ukishalipanga kwenye kamera, unaweka kipima mfukoni. Unapiga mikono, unapiga uso, unapiga vumbi la mpingo magotini, unazunguka upande wa pili, na hupimi tena mpaka jua lihame au wingu lipite. Uhuru huo ndio ninaokutakia. Mtu anayepimapima kila dakika mbele ya mzee anayechonga humchosha yule mzee, na mzee aliyechoka huacha kuchonga akakaa kupigwa picha.

Najua utauliza: na bonde la Ruvuma, ninapolitazama kutoka ukingoni mwa Newala, nitalifikiaje na kuba langu? Huna haja ya kulifikia. Jua linalopiga bonde ndilo linalokupiga wewe. Simama juani, geuza kuba litazame nyuma yako, kama vile kipima kimekaa kule bondeni kikiitazama kamera, upime. Angalizo ni moja tu, usipimie chini ya mwembe huku bonde liko juani. Na pale ambapo kuba halisaidii, kwa mfano majahazi yakiwa meusi mbele ya anga la magharibi, unalisogeza kando, unapima anga lenyewe pembeni mwa jua. Ndiyo maana uchague kinachofanya yote mawili.

Vipo viwili vya namna hiyo ninavyovipenda. Sekonic L-208 ni chepesi sana, kina mshale na gurudumu la kuzungusha. Unabonyeza, mshale unasimama, unazungusha mpaka alama ikutane nao, kisha unaziona kasi na f zote zinazolingana kwa mara moja. Kwa mtu anayejifunza, kuziona zote pamoja ni mwalimu mzuri. Hushuka mpaka EV 3 (EV ni namba ya kiasi cha mwanga), yaani kwa mkanda wa ASA 100 ni f/2 kwa nusu sekunde. Usiku wa taa ya chemli kitakuacha. Cha pili ni Gossen Digisix, hicho husoma kwa tarakimu na hufika EV 0, lakini namba unaihamishia mwenyewe kwenye gurudumu. Vyote viwili hutumia betri bapa ya CR2032, ile ile ya funguo za gari na kompyuta, na mafundi saa na wauza simu wanayo. Mimi ningechukua Sekonic.

Sitaki uone nakidharau kipima cha Voigtländer ulichonionyesha, VC Meter II. Ni kizuri, kina taa tatu ndogo, ya katikati ikiwaka umepatia, na ukiwa feri ukisubiri watu washuke kutoka Msangamkuu, kasi yake inasaidia sana. TTArtisan ya Kichina hufanya kazi inayofanana kwa bei ya chini. Lakini vyote viwili husoma mwanga unaorudi tu. Ukiamua hivyo, jizoeze kupima kiganja chako kikiwa kwenye mwanga ule ule wa mtu unayempiga, kisha urekebishe kulingana na wangavu wa kiganja, wala usipime mchanga. Na upime kwanza kama kikikaa pale juu kitakuachia nafasi ya kushika kitufe cha kasi.

Usidanganyike na vya zamani vinavyouzwa rahisi, vinavyotaka betri za zebaki za 1.35 V, kama Lunasix 3. Betri hizo hazitengenezwi tena, na ukitia ya 1.5 V ya kawaida kinaweza kusoma uongo.

Leningrad aliyokupa mjomba pamoja na kamera, kile kipima cha Kisovieti, ni habari nyingine, maana seli yake ya seleni hutoa umeme kutokana na mwanga wenyewe, haihitaji betri kabisa. Adui zake ni umri na unyevu. Kabla hujaitupa wala hujaiamini, ilinganishe na programu ya kupima mwanga kwenye simu yako, zipo za bure. Fanya hivyo juani, kivulini na ndani ya nyumba, ukizielekeza zote mbili ukutani mahali pamoja. Ikikosea kwa kiasi kile kile kila mahali, irekebishe kwa kubadilisha namba ya ASA uendelee nayo. Ikipatia juani na kupotea kivulini, seli imechoka, iweke kwa kumbukumbu. Uangalie pia kama gurudumu lake limeandikwa GOST, kipimo cha Kisovieti cha wepesi wa mkanda. 65 ya pale ni karibu na ASA 80.

Simu yenyewe inatosha kukuvusha mpaka malipo ya korosho yaingie. Usikope kwa ajili ya kipima. Ubaya wa simu ni kwamba juani kioo hakisomeki, na ukiitoa mbele ya watu wote wanageukia simu. Wala usilipie zaidi kwa ajili ya kipima kinachosoma sehemu ya kumi ya hatua. Shata ya umri ule yenyewe hukosea zaidi ya hapo, na mkanda wa negativu husamehe ukizidisha mwanga hatua moja, hata mbili. Ukipunguza ndipo hausamehi. Ukiwa na shaka, fungua lenzi.

Ukishuka Mtwara baada ya mavuno, twende Mikindani siku nzima. Boma ya Wajerumani ya 1895 ina kuta nyeupe, na vichochoro vya mji vina kivuli kizito. Mahali pa kufundishia kipima pazuri kuliko pale sipajui. Mikanda miwili ya ASA 400 ninayo kwenye jokofu, usinunue.

Mpe mjomba shikamoo yangu, na umuulize kama kasha la ngozi la ile Leningrad bado lipo. Na unapojibu, niandikie namba ulizopata juani, kivulini na ndani, pamoja na zile za simu, nizitazame kabla hujatoa hata shilingi.

Wako,
swahiba wa Shangani