Barua kwa mpwa wangu anayeulizia hadithi za kisayansi

Mpwa wangu,

Umeniuliza kama mtu mzima, mwenye kazi na watoto, anaweza kuanza sasa kupenda hadithi za kubuni za kisayansi, au kama ni pendo la utotoni linalompita asiyeliwahi. Swali lako limenifurahisha sana, na nakujibu hadharani kwa kuwa najua si wewe tu unayejiuliza.

Wengi wetu wa mitaa ya uswahilini hatukuanzia kitabuni. Tulianzia kwenye kibanda umiza, kile cha kuoneshea video, tumebanana kwenye mabenchi, roboti la Kimarekani linafukuza watu na mkalimani analitia maneno ya Kiswahili anayoyajua yeye. Hatukuwa na habari kwamba hiyo ni fani yenye jina na historia. Tulitaka kujua tu kama lile roboti litakufa. Mlango wa namna hiyo unatosha. Octavia Butler wa Marekani alikuwa na miaka 12 alipotazama kwenye televisheni sinema mbovu ya mwanamke aliyetoka Mars, akaona yeye anaweza kutunga iliyo bora, akashika kalamu. Mwaka 1995 akawa mwandishi wa kwanza wa fani hii kupewa tuzo ya MacArthur, tuzo kubwa ya Marekani ya watu wenye ubunifu wa pekee.

Kuingia, basi, ni rahisi. Kubaki ndiko kunakohitaji kitu zaidi, na wanaotoka, kwa ninavyowaona, ni wale waliofuata mitambo peke yake. Mitambo huchakaa. Mwaka 1865 Jules Verne, mwandishi wa Ufaransa, aliwarusha watu wa riwaya yake kuelekea mwezini kwa mzinga, yaani bunduki kubwa mno, uliozamishwa ardhini huko Florida, Marekani. Walipoondoka watu wa kweli kwenda kutua mwezini mwaka 1969, kutoka Florida hiyohiyo, walipanda roketi. Mzinga ungewaponda palepale. Mzinga umepitwa, riwaya ingali inasomwa.

Kilichonibakiza mimi ni riwaya ya *Walenisi* ya Katama Mkangi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, Mkenya, na mwaka 1986 utawala wa Moi ulimweka kizuizini. Riwaya ikatoka mwaka 1995. Humo Dzombo, mhusika mkuu, anahukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo cha angani ili akafie huko juu. Hafi. Anajifunza kukiendesha, na kinamfikisha kwa watu wanaoishi kwa usawa, ambao kila wanachofanya kinamlazimu kuitazama upya nchi iliyomhukumu. Hebu fikiria: mtu aliyejua kufungwa anaandika chombo cha kunyongea kinachogeuka kuwa njia ya kutokea! Nikisoma kurasa zile bado mwili unanisisimka, na si kwa ajili ya injini. Swali lake ndilo limenishika: ingekuwaje kama tungeishi vingine?

Swali hilo linaweza kuulizwa hata kwa maji. Wanuri Kahiu, Mkenya pia, alitoa filamu fupi ya *Pumzi* mwaka 2009. Humo watu wamejifungia ndani baada ya vita vya kugombea maji, jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena. Asha, mfanyakazi wa makumbusho, anapata udongo wenye unyevu, anaomba kibali cha kutoka, ananyimwa, anatoka hivyohivyo na mche wake. Wewe uliyekulia kwenye foleni ya madumu hutahitaji kuelezwa kwa nini tone moja pale lina uzito. Kwa hiyo sikubaliani hata kidogo na wanaosema hizi ni hadithi za Wazungu.

Anza na *Pumzi*. Ni ya dakika ishirini na kitu, unaitazama watoto wakishalala. *Walenisi* nitamwachia mama yako Jumapili. Kurasa za mwanzo zina maneno mazito, usiziruke. Ukishafika Dzombo anapokishika chombo mwenyewe, nipigie simu, hata kama ni usiku. Nataka kusikia wewe ungekielekeza wapi.

Mjomba wako